Mnara Uliotembea kwa Reli na Kanisa Lililoachiwa Bahari

Kuna video moja hivi ambayo haiishi kurudi mtandaoni. Mnara wa taa, wa mraba, rangi nyeupe iliyopauka, urefu wa mita 23, umesimama juu ya ukingo wa bahari. Halafu unaanza kutembea. Taratibu, kama bibi harusi anayeingia ukumbini, hauinami wala haupasuki. Ukiiona mara ya kwanza unaweza kuapa kwamba ni mambo ya kompyuta. Wala. Ilikuwa tarehe 22 Oktoba 2019, mchana kweupe, na televisheni za Denmark zilikuwa zinarusha tukio zima moja kwa moja.

Wengi wanaishia hapo. Wanagonga laiki, wanasema Wazungu wana mambo, wanapita. Lakini mwendo mfupi tu kwa miguu kutoka kwenye ule mnara, kwenye ukingo uleule na mbele ya bahari ileile, palikuwa na kanisa lililoutangulia mnara kwa miaka kama 650. Lenyewe lilikuwa na makaburi, lilikuwa na historia ya vita, na lilikuwa limeshaigiza kwenye filamu iliyochukua Oscar. Hilo hakuna aliyelitandikia reli.

Kwa nini kimoja kiliokolewa na kingine kikaachwa? Hapo ndipo stori ya manispaa ya Hjørring inapoanza kunoga.

Huko ni wapi kwanza

Chukua ramani ya Denmark. Ile sehemu ndefu iliyoungana na Ujerumani inaitwa Jutland. Panda nayo juu hadi karibu na ncha, upande wa magharibi, hapo ndipo Hjørring. Kwa kweli sehemu hiyo ya juu haijaungana tena na bara. Mwezi Februari 1825 dhoruba ilivunja ukanda wa mchanga huko magharibi, maji ya Bahari ya Kaskazini yakaingia kwenye mlango wa Limfjord, na eneo zima la kaskazini likageuka kisiwa ndani ya siku moja. Watu walilala wakiwa wakazi wa bara, wakaamka visiwani. Ukisikia kwamba watu wa huku hawaiamini bahari, basi elewa.

Manispaa yenyewe, kwa sura yake ya leo, ni changa: ilizaliwa tarehe 1 Januari 2007, Denmark ilipopunguza idadi ya manispaa zake kwa mpigo. Hjørring ikaunganishwa na Hirtshals, Løkken-Vrå na Sindal. Wakazi wote kwa pamoja ni zaidi ya 60,000, yaani kuna mitaa ya Dar es Salaam inayoweza kuwameza wote na bado ukakosa sehemu ya kuegesha gari. Mji wa Hjørring ndio mkongwe, ulipata hadhi ya mji wa biashara mwaka 1243, na hadi leo una makanisa matatu ya zama za kati yaliyokaa karibu karibu kama majirani wanaochungulizana.

Na watu wa huku wana historia ya ukorofi. Mwaka 1086 mfalme wa Denmark alikuwa huku, kwenye ngome yake ya Børglum, na wakulima walikuwa wamechoka na kodi zake na faini zake. Wakainuka. Mfalme akakimbia kusini, wakamfuata. Mwezi Julai mwaka huohuo akauawa ndani ya kanisa mjini Odense. Miaka kama kumi na tano baadaye Kanisa likamtangaza kuwa mtakatifu, kwa hiyo Denmark ina mfalme mtakatifu kwa sababu ya wakulima waliokasirikia kodi. Wakulima wenyewe hakuna anayewajua kwa majina. Børglum baadaye ikawa makao ya askofu na nyumba ya watawa, na majengo yake bado yapo, meupe na makubwa, juu ya kilima ambacho ukisimama unaiona bahari kwa mbali.

Lakini mambo makubwa yako pwani.

Taa iliyoshindwa na mchanga

Ukingo unaoitwa Lønstrup Klint si mwamba wa jiwe. Ni udongo na mchanga mtupu, uliorundikwa tangu zama za barafu, na kwenye eneo la Rubjerg Knude unapanda hadi kama mita 60 juu ya bahari. Bahari inaula kutoka chini. Kwa wastani ukingo unarudi nyuma mita moja na nusu hivi kwa mwaka, lakini wastani huo usikudanganye, maana miaka mingine hakidondoki kitu na mwaka mwingine dhoruba moja inabeba kipande kizima na uzio wake.

Mwaka 1899 serikali ikaanza kujenga mnara wa taa juu ya ukingo huo. Haikuwa papara. Bahari ya hapo ilikuwa na sifa mbaya ya kumeza meli, na mahali walipopachagua palikuwa mita 200 hivi kutoka ukingoni. Kwa macho ya wakati ule palikuwa mbali kabisa. Tarehe 27 Desemba 1900 taa ikawashwa. Miaka ya mwanzo iliwaka kwa gesi iliyotengenezwa palepale kwenye jengo la pembeni, hadi mwaka 1908.

Walinzi wa mnara walihamia na familia zao. Palikuwa na nyumba, palikuwa na bustani ya mboga, palikuwa na kisima. Maisha ya kawaida tu, isipokuwa kwamba baba anafanya kazi usiku na jirani wa karibu ni upepo.

Upepo ndio uliokuja kuwa tatizo. Watu wakisikia mnara wa Rubjerg Knude wanafikiri adui wake wa kwanza alikuwa maji. Hapana bwana, alikuwa mchanga. Ukingo ulipokuwa ukimong'onyoka, upepo wa magharibi uliuokota ule mchanga mkavu na kuupandisha juu, kisha ukaumwaga kati ya mnara na bahari. Bustani ya mboga ikafukiwa. Kisima kikajaa mchanga. Walinzi wakachota, wakasomba, wakapanda majani ya pwani yenye mizizi mirefu ili kuufunga mchanga usitembee. Yale majani yakafanya kazi yake vizuri mno: yakaunasa mchanga, na kilima kikazidi kukua. Walipanda wenyewe kile kilichowafukia.

Ikafika mahali kilima kikawa kirefu kiasi kwamba kuna wakati mabaharia walikuwa hawaioni taa, na honi ya ukungu haisikiki vizuri baharini. Sasa fikiria. Mnara wa taa ambao hauonekani! Tarehe 1 Agosti 1968 ukazimwa rasmi. Ulifanya kazi miaka 67 na miezi kadhaa, basi, ukastaafu.

Mwaka 1980 majengo yakafunguliwa upya kama makumbusho, pamoja na sehemu ya kunywea kahawa. Makumbusho yalihusu nini? Mchanga unaotembea. Na mchanga ukaja kuyatembelea. Kufikia mwaka 2002 wakasalimu amri wakafunga, na baadaye kuta za nyumba za walinzi, zilizokuwa zimepasuliwa na uzito wa mchanga, zikaondolewa. Mnara ukabaki peke yake. Kile kilima cha mchanga nacho hakikukaa, kikaendelea na safari yake kuelekea bara, kikamwacha mnara uchi mbele ya bahari.

Hapo ndipo watu walipoanza kuupenda. Inachekesha kidogo, lakini ndivyo ilivyo: ulipokuwa na kazi hakuna aliyekuja kupiga nao picha, ulipokuwa gofu ukawa supastaa. Mwaka 2016 ukawekewa ngazi mpya ndani, na juu yake kifaa kikubwa cha vioo kinachozungushwa na upepo, kinachomimina mwanga ndani ya mnara kwa vipande vipande, kama kile kidude cha watoto ambacho ukikizungusha rangi zinabadilika. Wageni wakafika hadi robo milioni hivi kwa mwaka. Na bahari nayo ikawa inahesabu: mita 50, mita 20, mita 10.

Fundi mwashi na jeki zake

Mnara ulikuwa mali ya serikali, na mpango ulikuwa ni kuuacha usimame hadi hatari ikaribie, kisha uvunjwe kabla haujaanguka wenyewe ufukweni juu ya vichwa vya watalii. Watu wa Hjørring hawakukubali. Manispaa ikapiga kelele hadi serikali ikautambua kama hazina ya taifa na kuukubali mpango wa kuuhamisha, kwa gharama ya kroner milioni 5. Pesa nyingi kati ya hizo zilitoka serikalini.

Sasa ukisikia mnara wenye uzito wa zaidi ya tani 700 unahamishwa, unategemea kusikia kampuni kubwa kutoka nje, mainjinia wenye kofia ngumu na kompyuta sita kila mmoja. Aliyeongoza kazi hiyo alikuwa fundi mwashi wa palepale. Mtu wa kujenga nyumba na kupiga lipu.

Kazi yenyewe, ukiitazama vizuri, ni ya akili ya fundi. Wakachimba kuzunguka msingi. Wakatoboa chini ya mnara na kupitisha mihimili ya chuma, mmoja baada ya mwingine, hadi mnara wote ukawa umekalia chuma badala ya ardhi. Wakaukata kutoka kwenye msingi wake wa zamani. Jeki zikaunyanyua, chini yake ikatandikwa reli, na kati ya reli na mnara yakawekwa magurudumu madogo, ndiyo maana magazeti yakaandika kwamba mnara umevalishwa viatu vya kuteleza. Mita 70 mbele, kuelekea bara, msingi mpya ulikuwa unausubiri.

Hatari ilikuwa ya kweli. Mnara wa miaka 119, wa matofali, juu ya udongo wa mchanga, mita kama 6 kutoka kwenye ukingo unaodondoka. Upande mmoja ukizama sentimita chache tu umekwisha. Hata meya alikiri mbele ya waandishi kwamba mambo mengi yangeweza kwenda mrama. Haukwenda mrama hata mmoja. Kabla ya giza kuingia mnara ulikuwa umefika, umesimama wima, na kila mtu aliyekuwa na simu alikuwa na video.

Mita 70. Hesabu za wataalamu zinasema umejinunulia muda hadi karibu mwaka 2060.

Kanisa la Mårup

Sasa rudi kwenye lile jirani lake.

Kanisa la Mårup lilijengwa karibu mwaka 1250. Dogo, la kawaida, halikuwa na mnara wala mapambo ya kutisha. Lilipojengwa lilikuwa ndani kabisa ya bara, zaidi ya kilomita moja kutoka baharini, katikati ya mashamba. Waumini walioweka yale mawe wangeambiwa kwamba siku moja mawimbi yatafika mlangoni wangemcheka msemaji. Kanisa la jirani, la Rubjerg, mchanga ulilivamia mapema zaidi, likavunjwa mwanzoni mwa karne ya 20 na jipya likajengwa mbali na upepo. Mårup lilivumilia. Miaka ya 1920 kijiji cha Lønstrup kikapata kanisa lake jipya, na la zamani likabaki bila ibada za kila wiki, mlinzi wa makaburi yake tu.

Na makaburi hayo yalikuwa na siri nzito.

Usiku wa kuamkia tarehe 6 Desemba 1808, manowari ya Uingereza iliyoitwa Crescent ilikwama kwenye mchanga mbele ya Mårup. Ilikuwa safarini kuelekea Gothenburg, Uswidi. Majira ya baridi, dhoruba, giza, na pwani hii isiyokuwa na taa hata moja. Kumbuka pia wakati wenyewe: mwaka mmoja tu kabla, Waingereza walikuwa wameipiga Copenhagen kwa mabomu na makombora ya moto, wakaua raia wengi na kuondoka na jeshi zima la majini la Denmark. Nchi hizi mbili zilikuwa vitani. Meli iliyokuwa inapasuka pale mbele ilikuwa ya adui.

Zaidi ya watu 200 walikufa, na ndani yake walikuwemo wanawake na watoto, maana zama hizo meli za kivita zilibeba pia familia za baadhi ya mabaharia. Waliookoka walikuwa wachache, kama mmoja kati ya watano. Asubuhi na siku zilizofuata miili ilikuwa inaletwa na maji ufukweni. Wanakijiji, ambao wana kila sababu ya kuwachukia Waingereza, wakaiokota, wakaipandisha kwenye ule ukingo, wakaizika kwenye makaburi ya Mårup. Kaburi la pamoja. Hakuna jina hata moja lililoandikwa juu yake, ya waliozikwa wala ya waliozika.

Nanga ya Crescent ilikuja kutolewa baharini mwaka 1940 na kusimamishwa karibu na kanisa. Kwa miaka mingi wageni walikuwa wanapiga picha pale, watoto wanaipanda, nanga kubwa yenye kutu, na bahari iliyoileta iko nyuma yake.

Halafu ikaja sinema. Mwaka 1987 ikatoka filamu ya Kidenmaki kuhusu mwanamke wa Kifaransa anayepika karamu moja ya ajabu kwa wanakijiji wa pwani wasiojua raha. Kanisa unaloliona mle ndani ni Mårup. Mwaka 1988 filamu hiyo ikabeba Oscar ya filamu bora ya lugha ya kigeni, na Papa Francis aliwahi kusema ni filamu anayoipenda kuliko zote. Hadithi yenyewe iliandikwa na Karen Blixen, huyohuyo aliyelima kahawa chini ya vilima vya Ngong hadi mwaka 1931, ambaye nyumba yake Nairobi sasa ni makumbusho. Kwa hiyo ukipita Karen kwenda kula nyama choma, kuna uzi mwembamba unaokuunganisha na kanisa lililoliwa na bahari Denmark.

Maana lililiwa. Bahari ilifika mita 100, ikafika mita 50, ikafika chini ya mita 15. Sehemu ya makaburi ikaanza kudondoka. Watu waliokuwa wanatembea ufukweni chini walikuta mifupa ya binadamu imechungulia kwenye ukingo, au imelala kwenye mchanga, ikakusanywa na kuzikwa upya. Mifupa hiyo inaweza kuwa ya mkulima wa karne ya 14 au ya baharia wa Crescent. Nani atajua? Ukiwa wa Crescent, basi huyo mtu bahari ilimchukua mara mbili.

Mabishano ya kuliokoa yalidumu miaka. Kulikuwa na waliotaka mawe makubwa yamwagwe chini ya ukingo ili kuvunja nguvu ya mawimbi. Upande wa uhifadhi wa mazingira ukasema ukingo ule ni hifadhi kwa sababu unaporomoka, na ukiuzuia unakuwa umeua kile unachokilinda. Tena mchanga unaodondoka pale haupotei, mikondo ya bahari inaubeba kwenda kulisha fukwe nyingine kaskazini. Ukiuzuia hapa, ufukwe wa mwenzako unakonda. Hoja ni nzito, na haina jibu rahisi. Ila ukifika Lønstrup kijijini, hatua chache tu kaskazini, utakuta mawe ya kuvunja mawimbi yamepangwa vizuri mbele ya nyumba na maduka. Kwa hiyo kuzuia kunawezekana. Wanachagua mahali pa kuzuia.

Mwaka 2008 paa la Mårup likashushwa na sehemu ya kuta zikabomolewa. Kuta zilizobaki zikakaa miaka michache zaidi bila paa, kisha nazo zikaondolewa. Matofali na mbao zikahifadhiwa. Kanisa la miaka 750 likaisha hivyo, kwa utaratibu, kwa vibali, hakuna kishindo.

Haki iko wapi

Wanaotetea uamuzi wanasema kulinganisha si sawa, na wana pointi. Mnara ni kitu kimoja kirefu, kina kuta nene, unaweza kuuingizia chuma chini na kuubeba. Kanisa la kale limetapakaa chini, mawe yake yameshikana kwa mazoea zaidi kuliko kwa saruji. Na hata ukilibeba, makaburi huwezi kuyabeba. Kanisa bila wafu wake ni ukumbi. Halafu ilipofika 2019, kanisa lilikuwa limeshaondoka, hakukuwa na siku ambayo mtu alikaa mezani akachagua moja kati ya viwili.

Sawa. Lakini usijidanganye kwamba umaarufu haukuhusika. Mnara una umbo la kuvutia, unakaa vizuri kwenye picha ya jua la jioni, unaleta watu robo milioni ambao wanashuka kijijini kununua aiskrimu na kulala. Kanisa lilikuwa dogo na la kijivu, na lilikuwa linadondosha mifupa. Mnara ulikuwa umeshashindwa kazi yake kwa zaidi ya nusu karne, kanisa halijawahi kushindwa: lilimzika kila aliyeletwa, hata adui. Kwenye zama hizi kinachopigwa picha ndicho kinachochangiwa, na hilo halikuanzia Hjørring.

Kwa anayepanga safari

Lønstrup penyewe ni kijiji kitamu, kimejaa wafinyanzi, wapuliza vioo na maduka ya sanaa. Mwezi Agosti 1877 mvua kubwa ilishuka, kijito kinachopita katikati kikageuka mto na kusomba nyumba hadi baharini. Mara hiyo adui alitokea nyuma, upande wa nchi kavu! Walijenga tena.

Kusini kuna Løkken, na hapa ndipo vijana wa Denmark wanapojua. Zamani watu wa Løkken walipakia nafaka, siagi na nyama kwenye vyombo vidogo vya tanga, wakavuka hadi Norway, wakarudi na mbao na chuma. Bandari hawakuwa nayo, vyombo vilivutwa juu ya mchanga. Mpaka leo boti za uvuvi za hapo zinalala ufukweni, zinavutwa kwa winchi. Kiangazi ufukwe unajaa vibanda vyeupe vya mbao, karibu 500, vimepangwa mistari kama askari wa gwaride. Kila msimu wa vuli vinaondolewa vyote na kila masika vinarudishwa, maana ukiviacha wakati wa baridi dhoruba itaviondoa yenyewe, na bila kuvirudisha. Usiku kuna mabaa na muziki, na sifa ya Løkken kwa wazazi wa Denmark si nzuri sana, ambayo kwa wengine ndiyo sababu ya kwenda. Unaweza pia kuendesha gari ufukweni, sehemu kadhaa zinaruhusu. Angalia tu maji yanapopanda.

Hirtshals, kaskazini, ni mji wa kazi. Bandari ya uvuvi, feri za kwenda Norway, Visiwa vya Faroe hadi Iceland, mnara wa taa wa mwaka 1863 ambao wenyewe hauna presha yoyote na bahari, na mahandaki ya saruji yaliyoachwa na jeshi la Ujerumani la Vita vya Pili. Kuna pia nyumba ya samaki ya Nordsøen, yenye tangi la lita milioni 4.5, ambalo liliungua mwaka 2003 (ndiyo, jengo la maji liliungua) likafunguliwa tena mwaka 2005. Ukiwa na watoto nenda. Ukiwa na mchumba, bora Løkken.

Lakini siku ya kwanza nenda kwa miguu. Anzia Lønstrup, fuata njia ya juu ya ukingo kuelekea kusini, usikaribie ncha hata kama selfi inakuita, kila mwaka kipande kinaondoka. Beba koti hata kama ni Julai. Kwanza utapita Mårup, pale palipokuwa kanisa, na usipoambiwa unaweza kupita bila kusimama. Majani, upepo, na chini kabisa mawimbi yanagonga udongo. Kisha mchanga unaanza kuongezeka chini ya viatu, njia inapanda, na mnara unachomoza nyuma ya kilima, kwenye makazi yake mapya. Mlango uko wazi, kupanda ni bure. Ukifika juu, kioo kinazunguka na upepo na kukutupia usoni vipande vya bahari na anga. Geuka uangalie magharibi, uhesabu mita zilizobaki.